Mkanda wa Risasi: Kutoka Pembe ya Baruti hadi Mashindano ya Bunduki Tatu

Mkanda wa risasi ni ghala linalovaliwa kiunoni. Kazi yake ni kuweka karibu na mkono kile ambacho bunduki itakidai baada ya mlio, na kukiweka mahali pale pale kila siku, ili vidole vikipate bila msaada wa macho. Kwa hiyo umbo lake halikuamuliwa na fundi wa ngozi wala na mshonaji. Liliamuliwa na namna bunduki inavyolishwa. Bunduki ikibadilika, mkanda hauna budi kubadilika, na katika nchi ya Mpanda, kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Rukwa, mabadiliko hayo yanaweza kufuatwa hatua kwa hatua tangu siku za misafara ya pembe za ndovu.

Kabla ya mkanda kulikuwa na kibindo. Nguo ilifungwa kiunoni, ncha ikakunjwa, na kitu cha thamani kikafutikwa humo. Gobore lilipoingia bara katika karne ya 19, kibindo hakikutosha tena, maana gobore halilishwi kitu kimoja. Linataka baruti, linataka nyuzi au kitambaa cha kushindilia, linataka risasi, na mwisho linataka fataki. Baruti ilikaa katika pembe iliyozibwa vizuri, ikaning'inia ubavuni kwa ugwe wa ngozi uliopita begani. Fataki, ambazo ni ndogo kama punje za mahindi na huharibiwa na unyevu, zilitengewa kifuko chao. Mdeki, yaani fimbo ya kushindilia, ulichomekwa chini ya mtutu. Vyote hivyo vilipangwa kwa kufuata mfuatano wa kushindilia, na aliyeuvuruga mpango wake alijikuta anatafuta fataki huku mnyama amekwisha kuingia kichakani.

Hiyo ndiyo silaha waliyotembea nayo ruga-ruga, wapiganaji wa Mirambo, mtawala wa Urambo aliyefariki mwaka 1884, na ndiyo iliyokuwa mikononi mwa watu wengi wa njia ya Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako Wabelgiji walijenga kituo mwaka 1879 na kukikabidhi kwa Mapadre Weupe mwaka 1885. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ukazuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha mwanya kwa zile za kushindilia. Ndiyo maana pembe ya baruti iliishi muda mrefu sana huku, wakati Ulaya ilikuwa imekwisha kuisahau. Magobore bado husalimishwa mkoani Katavi hadi nyakati zetu hizi.

Mageuzi makubwa kuliko yote yaliletwa na ganda la shaba. Ndani yake baruti, risasi na fataki viliunganishwa, na badala ya vile vitu vinne vya gobore kikawa kimoja. Pembe ikakosa kazi, kifuko cha fataki kikakosa kazi, na kilichohitajika sasa ni safu ya nafasi ndogo zinazolingana kiunoni. Askari wa Kijerumani walivaa beti za ngozi zenye vifuniko, kwa ajili ya bunduki zao za Mauser za muundo wa mwaka 1871, ambazo zilipokea risasi moja moja na kutoa moshi mzito. Neno beti limebaki katika Kiswahili kwa maana hiyo hiyo, na ni neno zuri linalostahili kuendelea kutumika.

Neno risasi nalo lina uzito wa pekee Mpanda. Kwa Kiswahili risasi ni kitu kinachotoka mtutuni, na pia ni madini yenyewe, mazito na laini. Madini ya risasi ya Mukwamba ndiyo yaliyoleta reli kutoka Kaliua, iliyofunguliwa mwaka 1950, na mgodi ulipofungwa mwaka 1960 mji wa Mpanda ulikuwa umekwisha kuota mizizi, pamoja na mtaa wake wa Majengo.

Kumbukumbu za Majengo kuhusu mkanda zinaanzia kwa bwana nyama, yaani ofisa wa wanyamapori, na askari wake. Idara ya wanyama ya Tanganyika iliundwa mwaka 1919, na moja ya kazi zake kubwa ilikuwa kuwafukuza tembo mashambani. Bunduki iliyojulikana sana katika kazi hiyo ilikuwa ya kipimo cha .404, yenye risasi nene na ndefu kama kidole cha mtu mzima. Mtoto aliyesimama kando ya fundi viatu wa Majengo mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliujua mkanda wa askari huyo kwa harufu kabla ya kuujua kwa kazi: ngozi, mafuta, na nta ya nyuki. Nta hiyo ilitoka katika misitu ya miombo, ambako mizinga haikosekani, na fundi aliupitisha uzi wake humo ili maji yasiuozeshe. Vitanzi vilivyolegea vilifumuliwa, ngozi ikaloweshwa, ikashonwa upya huku ganda tupu likiwa ndani yake, kisha ikaachwa ikauke kivulini. Risasi nzima haikuletwa kwa fundi kamwe. Lililetwa ganda lililokwisha kupigwa, liwe kipimo.

Kazi hiyo haikuisha, kwa sababu vitanzi vya ngozi vina ugomvi wa kudumu na shaba. Dawa zinazotumika kutengenezea ngozi, zikikutana na unyevu wa masika, huila shaba na kuotesha juu yake kutu ya kijani. Ganda lenye kutu hiyo hunata kwenye kitanzi, na baya zaidi, linaweza kunata ndani ya bunduki wakati tembo yuko hatua ishirini. Askari makini aliuvua mkanda wake kila jioni, akachomoa risasi zote, akazifuta kwa kitambaa kikavu na kuziweka kando hadi alfajiri. Ilikuwapo pia hoja ya kuchagua kati ya kitanzi na beti. Kitanzi ni cha haraka, lakini kinaiacha risasi wazi kwa vumbi na mbegu za majani marefu. Beti hulinda, ila kifuniko chake huchelewesha mkono na hulia. Wengi waliweka risasi chache vitanzini mbele, na akiba katika beti.

Mkanda huo ulivunjwa nguvu na magazini. Jeshi la Wananchi lilipoundwa mwaka 1964, silaha nyingi zilizofuata zilitoka China, na majina SAR na SMG yakazoeleka hata kwa raia. SAR hulishwa risasi kumi kwa mkupuo, zikiwa zimepangwa kwenye kipande cha bati. SMG hutumia magazini iliyopinda yenye risasi 30. Magazini hiyo ni ndefu. Ikiwekwa mbele kiunoni, humchoma mvaaji pajani kila anapopiga goti. Kwa sababu hiyo Wachina walishona mifuko ya turubai inayofungwa kifuani, na mzigo ukahama kiuno ukapanda juu. Katavi ilipokuwa hifadhi ya taifa mwaka 1974, huku askari wakifundwa katika chuo cha Pasiansi, Mwanza, kilichokuwapo tangu mwaka 1966, mkanda ulikuwa unaelekea kubaki wa kubebea chupa ya maji na kisu.

Kifua hakikuwa mahali pa raha. Magazini moja ya chuma iliyojaa hukaribia kilo moja, na tatu zikining'inia shingoni huonekana nyepesi asubuhi tu. Askari akilala kifudifudi huinuliwa na mzigo wake mwenyewe hadi mgongo ukaonekana juu ya majani. Mwezi wa Oktoba, mto Katuma unapokauka na viboko kusongamana katika madimbwi ya tope, turubai iliyobana kifua ni adhabu. Hifadhi ina kilomita za mraba 4,471, na doria yake hufanywa kwa miguu pia.

Nailoni ndiyo iliyoanza kuurudisha mzigo kiunoni. Haiozi, haitoi kutu ya kijani, na mkanda mpana wa nailoni hukalia nyonga, mahali ambapo mwili hubeba uzito bila kulalamika. Mkanda wa askari wa uhifadhi umeongezewa vitu ambavyo bwana nyama hakuvijua: redio, kifaa cha kuonyesha mahali kwa setilaiti, tochi, pingu. Cha thamani kuliko vyote ni ukanda mfupi wa kukaza mkono au mguu unaovuja damu. Huo sharti uwe mahali ambapo mkono wowote kati ya miwili unaufikia, maana hakuna ajuaye ni mkono upi utakaojeruhiwa.

Hatua ya karibuni kabisa ya mkanda imetoka uwanjani, katika michezo. Shirikisho la kimataifa la ulengaji wa vitendo, IPSC, liliundwa Columbia, jimbo la Missouri, Marekani, mwaka 1976, na katika Afrika Mashariki mchezo wa namna hiyo unajulikana zaidi Kenya. Tawi lake gumu kuliko yote kwa mpangaji wa mkanda ni mashindano ya bunduki tatu. Mshindani hukimbia kutoka kituo hadi kituo akitumia bunduki ndefu ya magazini, shotigani na bastola, huku saa inayosikia milio ikihesabu sekunde. Silaha tatu ni malisho ya namna tatu, na kiuno ni kimoja.

Upangaji huanza na mikanda miwili. Wa ndani hupita katika vitanzi vya suruali, na uso wake wa nje una velkro. Wa nje ni mgumu, wenye upana wa sentimita nne hivi, na hubandikwa juu ya ule wa ndani bila kuteleza. Kwa atumiaye mkono wa kulia, ala ya bastola hukaa nyonga ya kulia, ikishushwa kidogo ili kiwiko kisipande mno, na iwe na kufuli, kwa kuwa mtu atakimbia na kuinama nayo. Upande wa kushoto hukaa magazini za bastola, ncha za risasi zikitazama mbele, ili kidole cha shahada kiguse risasi ya kwanza na kuielekeza inakokwenda. Magazini moja ya bunduki ndefu hufuata nyuma yake. Ya pili mara nyingi ni uzito wa bure.

Kisha huja shotigani, na hapa mkanda unarudi alikouacha bwana nyama. Shotigani yenye bomba la risasi chini ya mtutu hulishwa kwa vidole, kwa hiyo risasi zake hupangwa wazi kiunoni, mbili mbili au nne nne katika vishikio vya plastiki, na mkono huzichota kwa mkupuo na kuzisukuma ndani. Vishikio vibane kiasi cha kuhimili mbio na vilegee kiasi cha kuachia kwa mvuto mmoja, na kipimo hicho hakipatikani dukani. Hupatikana kwa kurekebisha skrubu nyumbani, kwa risasi za mazoezi zisizo na baruti. Katikati ya mgongo huachwa patupu: mkono haufiki upesi, na anayeanguka chali huangukia chuma.

Mkanda uliokwisha kupangwa hujaribiwa bila silaha. Mvaaji huchuchumaa, hulala, huruka na kukimbia. Kinachosogea hukazwa, kinachochoma huhamishwa, na nafasi ya kila beti hutiwa alama ya chaki upande wa ndani, ili mkanda ukifunguliwa kusafishwa urudi kama ulivyokuwa.