Swali la Mtoto Njiani

Twataka kuwasimulia jambo lililotupata safarini, maana sisi tulio walimu twapenda kufundisha wengine, wala si kila mara twapenda kufundishwa.

Shule zilipofungwa mwezi wa Desemba, tulitoka Chonyonyo alfajiri kwenda harusi ya ndugu yetu huko Dodoma, mwendo wa kilomita zaidi ya 900. Tulikuwa watano: sisi mke na mume, Bibi, na watoto wetu wawili. Tulichukua ndizi, kopo la senene na mablanketi ya Bibi.

Gari letu ni la namna iitwayo haibridi. Magari ya jinsi hii yalianza kuuzwa kwa wingi huko Japani mwaka 1997, Toyota Prius ilipotokea. Lina nguvu mbili: injini ya petroli, na mota ya umeme utokao katika betri kubwa iliyo nyuma. Likienda polepole, mara nyingi injini hunyamaza, umeme ukavuta peke yake. Tena dereva akipunguza mwendo, mota huzalisha umeme. Nguvu ambayo gari jingine huipoteza kwa joto la breki, hili hurudisha sehemu yake katika betri. Tulipoteremka kuelekea mto Kagera pale Kyaka, watoto waliiona alama ya betri ikipanda, wakashangilia. Nasi tukawaeleza hayo yote kwa majivuno.

Ndipo binti yetu mdogo akauliza, "Baba, mbona ubavuni mwa kiti pana matundu yanayovuta hewa?" Jibu hatukuwa nalo. Badala ya kukiri, tukamkemea: "Keti vizuri, usisumbue wakubwa." Kisha tukasukuma mablanketi mahali pale pale, ili Bibi apate kuegemea.

Tukapita Bukoba, Muleba, Biharamulo na Nyakanazi, tukalala Kahama. Kesho yake tukapita Nzega na Igunga, tukaingia mbuga ya Wembere, jua likiwaka sana. Hata tulipokaribia mlima Sekenke, taa ya hatari ikawaka, gari likapungua nguvu. Tukasimama chini ya mti. Harusi ilikuwa kesho, na Bibi ndiye aliyengojwa ambariki bibi arusi. Tena tulijua ya kuwa betri ile ikiharibika, bei yake ni kubwa, na gari tulikuwa tumelinunua kwa akiba ya miaka mingi. Tuliomba, lakini mioyo yetu ilikuwa mizito.

Dereva wa lori alituitia fundi kijana kutoka Shelui. Huyo hakufungua injini. Alifungua mlango wa nyuma, akaondoa mablanketi, akatia mkono penye yale matundu. Akasema, "Mwalimu, betri yenu ilikosa pumzi. Hapa ndipo hewa ya kuipoza inapoingia." Akasafisha vumbi, tukangoja ipoe, naye akaifuta taa ile kwa chombo chake. Gari likaondoka. Mlima tukaupanda salama, na jioni tukafika Dodoma.

Lakini kabla ya kuondoka pale chini ya mti, tulimwita binti yetu mbele ya Bibi na fundi, tukamwomba radhi. Akajibu tu, "Nilitaka kujua, Baba." Neno hilo lilituchoma kuliko jua la Wembere.

Wasomaji, mnakumbuka habari za Naamani, jemadari wa Shamu. Aliyemwonyesha njia ya kupona alikuwa kijakazi mdogo, mateka nyumbani mwake. Kama angalinyamazishwa, bwana wake angalikufa na ukoma wake. Sisi nasi ni mara ngapi tumewanyamazisha watoto darasani na nyumbani, si kwa kuwa swali lao ni baya, bali kwa kuwa sisi hatuna jibu? Tangu siku ile, mtoto akituuliza tusilolijua, twajitahidi kusema, "Hatujui, haya, na tutazame pamoja." Si rahisi. Lakini heshima yetu haikupungua kwa neno hilo, na maswali ya watoto yamezidi.