Mimba Isiyo na Matanga

Mimba ikitoka ikiwa changa, hakuna matanga. Hakuna turubai, hakuna daftari la rambirambi, hakuna wa kuja kulala mkekani na mfiwa. Kesho yake mwanamke anatarajiwa afagie uwanja. Ikitoka ya pili, majirani wananong'ona habari za chango. Ya tatu, wifi anauliza waziwazi kaka yake ameoa nini.

Ndugu yangu mmoja amepitia hayo. Kadi zake za kliniki anazitunza sandukuni, chini ya khanga. Kila kadi imeandikwa mahudhurio ya mwanzo tu; kurasa zilizobaki ni nyeupe. Juzi aliniuliza, "Dada, haiwezi kuwa virusi?" Nilielewa alichokuwa akitafuta: mkosaji ambaye si yeye.

Na virusi havina rekodi safi. Mwaka 1931, karibu na Naivasha nchini Kenya, kondoo walitupa mimba na wanakondoo wakafa kwa wingi. Hapo ndipo ilipotambuliwa homa ya Bonde la Ufa. Kwa miaka mingi ilihesabiwa zaidi kuwa balaa la mifugo. Mwaka 2016 ukatoka utafiti wa Port Sudan, Sudan, uliohusisha homa hiyo na kuharibika kwa mimba za wanawake pia. Nawawaza akina mama wafugaji, wanaokamua na kuzalisha mbuzi kwa mikono mitupu, wasiambiwe na mtu. Kuna pia parvo B19, kirusi kinachomletea mtoto wa shule vipele vya siku chache. Kikimfikia kijusi, hushambulia chembe zinazotengeneza damu, na mtoto anaweza kufia tumboni kwa upungufu wa damu.

Lakini kwa mimba zinazotoka mfululizo, ushahidi dhidi ya virusi ni mdogo. Parvo ikishapita, kwa kawaida mwili hubaki na kinga. Kirusi kilichochukua mimba ya kwanza si rahisi kirudi kuchukua ya tatu. Vinavyojulikana zaidi ni kasoro za kromosomu, damu inayoganda kupita kiasi, umbo la mfuko wa uzazi, matatizo ya tezi ya shingo. Na kwa takriban nusu ya wanaopimwa, sababu haionekani kabisa.

Nilimwambia hivyo hivyo. Sikutaka kumfariji kwa uongo, maana uongo huo ungemrudia mimba nyingine ikitoka. Alinyamaza, kisha akasema, "Basi hata dhidi yangu hawana ushahidi." Ni kweli, hawana.

Wewe uliye mume, mama mkwe au jirani, nenda ukampe pole kama unavyokwenda msibani. Na mimba zikitoka mara mbili, nendeni hospitali wote wawili, mke na mume, mkapimwe.