Gharama Zisizo na Jiwe

Mipango si matumizi, walinena wahenga. Nilidhani usemi huo ulikusudiwa kupamba insha za mitihani, hadi mwaka 2022 mama alipoamua kujenga vyumba viwili vya kukodisha uani kwetu. Baba alikuwa ametangulia mbele ya haki, nao mshahara wa ualimu haukutosha kutulipia karo mimi na ndugu yangu mdogo. Mama akakopa shilingi 600,000 katika chama cha ushirika. Fundi aliketi chini ya mparachichi, akahesabu mawe, saruji, mchanga, mabati na ujira wake.

"Mwalimu," akasema, "580,000 zitatosha."

Tukafurahia salio la 20,000 kana kwamba tumekwisha kulipokea.

Katika afisi ya kaunti tulielezwa kwamba mchoro wa fundi, uliochorwa katika daftari langu la fonolojia, haukuwa ramani. Ilihitajika ramani ya msanifu majengo aliyesajiliwa: 45,000. Muhuri wa mhandisi: 25,000. Kigingi kimoja cha kiwanja kilikuwa kimetoweka (nashuku kilifukiwa barabara ilipopanuliwa), na mpimaji akalipwa 30,000 kukirejesha. Likaibuka deni la kodi ya ardhi, 18,400, ambalo marehemu baba hakuwa ametudokezea, na kibali hakingetolewa kabla halijalipwa. Ada za kibali zikala 14,000, na kibao cha kusimamishwa mbele ya ujenzi 6,000. Jumla ni 138,400, na uani hapakuwa na jiwe hata moja.

Sheria ya mwaka 2019 kuhusu mipango ya matumizi ya ardhi inaweka siku 60 za mwombaji kupata jibu la maandishi. Sisi tulirudishwa mara mbili kwa sababu ya saini, na kila mara hesabu ikaanza upya. Mkopo, nao, haukungoja kibali. Ulikatwa mshaharani mwezi baada ya mwezi, huku bei ya saruji ikipanda.

Jioni moja fundi aliniomba nimwandikie orodha mpya, niyatenge matumizi hayo kwa jina lake la Kiswahili. Mimi, mwanafunzi wa isimu, nikababaika. Tafsiri sisisi ya Kiingereza ingenipa "gharama laini", lakini ulaini wake nisingeweza kumwonyesha mama. Fundi akacheka. "Andika gharama zisizo na jiwe." Nikaandika.

Msomaji asidhani kwamba naubeza muhuri wa mhandisi. Jumba lililoporomoka mtaani Huruma, Nairobi, Aprili 2016 liliua zaidi ya watu 40, na mpangaji wetu ana watoto. Lalamiko langu ni kwamba hakuna aliyetutajia jumla siku ya kwanza. Kila dirisha lilijua ada yake tu. Orodha moja ya Kiswahili, ikibandikwa mlangoni, ingemwezesha mama kukopa zaidi au kupanga chumba kimoja tangu mwanzo, badala ya kuchimba misingi miwili.

Kwa maana mwishowe kilijengwa kimoja. Mpangaji aliingia Januari 2023, kwa kodi ya shilingi 6,000. Muhula huo niliahirisha masomo ili ndugu yangu afanye mtihani wake wa kidato cha nne. Katika msingi wa chumba cha pili mama amepanda sukumawiki, na kibao cha ujenzi tumekigeuza mlango wa banda la kuku.