Njugu za Githurai

Wacha niwaambie kitu sijawahi kusema kwenye kamera.

Naishi Kamenu, Thika, na dada yangu. Yeye hufanya shifti kiwandani, kwa hivyo Jumamosi mimi ndiye hubaki na mtoto wake, miaka miwili na nusu. Jumamosi moja nilikuwa na kazi ya kushuti tao, nikaamua tunaenda naye. Nilibeba simu, chaja na stendi. Ya mtoto? Pampasi moja na imani.

Mnajua jamu ya Githurai. Mtoto akaanza kulia njaa, na wauzaji wako dirishani: krispi, biskuti, juisi za rangi, njugu. Nikajiona mjanja. Mimi mtu wa kula vizuri nitampea krispi? Nikanunua njugu karanga, zile za kusokotwa kwa karatasi, nikamwekea mkononi.

Alikuwa anacheka na chakula mdomoni. Ghafla kukanyamaza. Hakukohoa, hakulia. Mdomo wazi, macho yananiangalia tu. Nikaganda. Mama wa kiti cha nyuma alininyang'anya mtoto, akamlaza kifudifudi kwa paja lake, kichwa chini, akampiga mgongoni katikati ya mabega kwa kiganja. Mara ya nne njugu ikatoka. Halafu kilio. Sijawahi kufurahia kelele ya mtoto namna hiyo.

Yule mama hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kijana, huyu magego yote yametoka?"

Sikuwa nimewahi kuangalia.

Nilikuwa nafikiri swali la chakula cha mtoto ni moja: kina afya ama hakina? Njugu iko na afya kabisa. Lakini koo la mtoto ni jembamba na bado hajajua kusaga vizuri. Hadi afike kama miaka minne, mitano hivi, njugu nzima, bisi, zabibu nzima, karoti mbichi na smokie ya kukatwa miduara zinaweza kumziba. Njugu hizo hizo zikisagwa laini na kupakwa kidogo kwa mkate, anakula salama.

Siku hizi Ijumaa jioni napitia soko la Makongeni. Naokota viazi vitamu, vile vya ndani rangi ya chungwa. Vina kitu ambacho mwili hugeuza kuwa vitamini A, na Robert Mwanga, Mganda aliyechangia kukuza aina hizo, alikuwa kati ya wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Nachemsha hadi vilainike, nakata virefu kama kidole, naweka kwa kibakuli chenye kifuniko. Ndizi inakuja na maganda yake, haihitaji kibakuli. Nduma pia nabeba. Na nikikwama, kuna yule jamaa wa mayai boilo: namwambia bila kachumbari, bila pilipili, nakata vipande vidogo na mtoto anakula hapo hapo, juu yai halipaswi kukaa kwa joto. Kunywa ni maji. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba watoto wa miezi 6 hadi 23 wasipewe vinywaji vya sukari. Wetu ameshapita huo umri, lakini sioni haraka ya kumwanzisha.

Wasee hunicheka kwa matatu. "Buda, umetoka ushago na viazi?" Sawa. Hiyo juisi ya rangi inawatoa pesa mingi kuliko viazi vyangu, na nusu saa baadaye mtoto analia tena.

Dada nilimwambia usiku huo huo. Alikaa kimya mpaka nikaanza kuomba msamaha mara ya pili. Akaenda kumwangalia mtoto akilala, akarudi, akasema, "Jumamosi ijayo bado ni wewe. Lakini utanionyesha umebeba nini." Hadi leo hufungua kile kibakuli kabla atoke.

Kama na wewe huachiwa mtoi wikendi, fanya hivi: chukua kipande, kibonyeze kati ya vidole viwili. Kisipopondeka, usimpe. Akikula, akae wima, na simu yako ikae mfukoni. Ile siku ya Githurai, yangu ilikuwa mkononi.