Moshi Mweusi

Pikapu iliishiwa nguvu ghafla kilimani, tumetoka tu kambi ya Nyarugusu. Nyuma tulikuwa na jirani yangu, mama mwenye uchungu wa uzazi.

Dereva akasema, "Filta ya dizeli imeziba. Tusubiri fundi."

Kule Uvira nilikuwa fundi. Hapa nabeba magunia.

Nikasema, "Kaka, filta ikiziba gari halitoi moshi huu. Huu ni mweusi: dizeli inafika, hewa ndiyo haitoshi."

Akanitazama, halafu akafungua boneti. Mpira wa hewa ya tabo ulikuwa umechomoka. Nikaurudisha, nikakaza klipu kwa bisibisi yake.

Tulifika. Mama alijifungua salama.

Kesho yake dereva alinitafuta: "Fundi, gari lingine linatoa moshi mweupe. Njoo utazame."