Tumbawe Halipungui kwa Kukatwa

Wahariri wa kitabu chetu wamenitaka nieleze habari za tangi langu la matumbawe hapa Portsmouth, kwa kuwa wageni wetu wengi wanaoliona huuliza swali moja: "Hivi haya mawe ni hai kweli?" Hapa nitajibu kwa urefu kidogo kuliko nijibuvyo barazani.

Tumbawe si jiwe wala si mmea, ni mnyama. Lile pande moja tulionalo ni mji mzima wa vijinyama vilivyoshikamana, kila kimoja na mdomo wake na minyiri yake, mfano wa pweza mdogo sana. Minyiri hiyo hukamata chakula kinachopita majini, na huwasha kama konyeza. Lakini riziki yao kubwa haitoki nje. Ndani ya miili yao hukaa mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho, ambayo hutengeneza sukari kwa nguvu ya mwangaza na kumgawia mwenye nyumba. Ndiyo sababu tangi langu lina taa kali. Maji ya bahari yakizidi joto, mimea hiyo hutoka na tumbawe hubaki jeupe, likadhoofika kwa njaa. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi yalikufa kwa sababu hiyo.

Ama kukua kwake, kila kijinyama huchota madini yaliyoyeyuka majini, kikajijengea jiwe chini yake, kikapanda juu ya kazi yake mwenyewe. Kisha hujigawa vikawa viwili, na viwili vikawa vinne. Jiwe hilo twalijua sote: nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana nayo. Katika tangi madini hayo huisha, kwa hiyo lazima yarudishwe. Mimi hupima kila wiki: kalsiamu iwe kama miligramu 420 kwa lita, chumvi kama gramu 35, na joto digrii 25. Huko baharini aina nyingine za matawi hurefuka sentimita 10 na zaidi kwa mwaka, na zile za mabonge makubwa huongezeka kama sentimita moja tu.

Kuzaa kwake kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya mayai. Aina nyingi hutoa mayai na mbegu za kiume kwa pamoja, katika masiku machache tu ya mwaka, kwa kufuata mwezi na joto la maji. Watoto huogelea siku kadhaa mpaka wapate mwamba wa kushika. Katika tangi jambo hili ni adimu. Jijini London, katika makumbusho ya Horniman, Jamie Craggs na wenzake walianza kazi hiyo mwaka 2012. Wakayapangia matumbawe majira ya joto na baridi, na mwezi wa taa, hata yakataga kwa wakati uliokusudiwa. Kwangu sijaona mayai, lakini tumbawe liitwalo Pocillopora hulea watoto wake mwilini kabla ya kuwatoa, nami nimekuta vidogo vyake vimejiotea kwenye kioo bila kupandwa na mtu.

Njia ya pili ni ya kuvunjika. Baharini wimbi huvunja tawi, nalo likiangukia mahali pazuri huendelea kuishi. Nyumbani kazi ya wimbi hufanywa na koleo: hukata kipande kama ukucha, hukibandika kwa gundi juu ya kijiwe, na baada ya wiki chache nyama yake huanza kutambaa juu ya gundi. Pale lilipokatwa nalo hupona.

Nilikuwa na Montipora ya rangi ya machungwa, imejikunja kama jani la kabichi, iliyoanza kwa kipande cha namna hiyo hiyo na ikafika upana wa sahani ya wali. Marehemu mke wangu ndiye aliyeichagua. Kila mgeni mwenye tangi alipewa kipande, na baadhi ya watu walinilaumu kwamba naliharibu pambo. Tarehe 18 Februari 2022, dhoruba ya Eunice ilikata umeme mtaani kwetu. Pampu zilisimama, maji yakapoa usiku kucha. Mengine yalisalimika, lakini Montipora ilivuka nyama ndani ya siku tatu, likabaki jiwe jeupe.

Mwezi uliofuata shemeji yangu alikuja kutoka Leicester na ndoo ndogo iliyofungwa blanketi. Ndani mlikuwa na kipande alichokikata katika tumbawe nililompa miaka minne nyuma. Ndugu zangu, hicho si mtoto wa lile lililokufa. Ni lenyewe hasa, mwili ule ule, aliouchagua marehemu. Kilichokufa kwangu kilikuwa hai kwake, kwa sababu tu nilikitoa.

Anayetaka kuanza, basi asinunue tumbawe lililong'olewa baharini. Atafute lililokuzwa tangini. Aache tangi lake litulie wiki kadhaa kwanza, kisha aje kwangu apige hodi. Koleo na gundi viko tayari.