Kakese: Lenzi ya Kuchukua Ukienda Bondeni

Ndugu msomaji, ikiwa hujapata kufika kwetu Mpanda, shika ramani. Utaona reli inaacha njia kubwa ya Tabora na Kigoma pale Kaliua, inashika upande wa kusini-magharibi, inakwenda mpaka inaisha. Hapo inapoishia ndipo Mpanda. Reli hiyo ilifika mwaka 1950 kwa sababu ya machimbo ya madini ya risasi, na machimbo yenyewe yalinyamaza zamani. Siku hizi mtu wa huku akizungumza habari ya mali, hataji risasi tena. Hutaja mpunga, na akitaja mpunga hakawii kutaja Kakese.

Kakese ni kata ya Manispaa ya Mpanda, lakini usitazamie mji. Ni nchi ya mbuga, tambarare, katika bonde la mto Katuma, ule ule ambao mbele ya safari yake huwanywesha viboko wa Hifadhi ya Katavi. Wakati wa masika majaruba yamejaa maji, na mbingu yote imelala humo ndani. Baada ya mavuno nchi hiyo hiyo ni manjano na vumbi. Wamo wenyeji Wabende na Wakonongo, na Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, na wengine wengi waliofuata udongo mzuri.

Nakuandikia habari za Kakese kwa sababu moja. Kila mwaka mpunga ukiisha kuuzwa, hutokea kijana au wawili wakaja kuniuliza kamera gani wanunue na lenzi gani, maana wanataka kupiga picha za video. Wengine wanataka kazi za harusi na kipaimara. Wengine, na hao ndio wanaonifurahisha zaidi, wanataka kuwahifadhi wazee wao kabla hawajaondoka. Magunia ya mpunga ni jasho la mwaka mzima, basi si vema yakaishia kwenye kitu kisichofaa.

Kamera wanayoiuliza ni ile ya DSLR, yenye kioo ndani na lenzi ya kufungua na kubadili. Kamera za namna hiyo zilianza kupiga video mwaka 2008. Kwanza ilitoka Nikon D90, na baada yake kidogo Canon 5D Mark II. Leo watengenezaji wameelekea kwenye kamera zisizo na kioo, na kwa ajili hiyo DSLR zilizokwisha kutumika hupatikana kwa bei ya kuvumilika. Picha zake ni nzuri hata sasa. Sioni haya kumshauri mkulima anunue iliyotumika, mradi aijaribu mbele ya muuzaji.

Haya, lenzi. Kamera nyingi huuzwa na lenzi yake ya milimita 18 mpaka 55. Namba ndogo huona upana, namba kubwa huvuta karibu. Hiyo 18 yatosha kabisa kuonyesha mbuga ya Kakese, safu ya watu wakipura mpunga, ng'ombe, magunia na mlima ulio mbali. Usiidharau. Shida yake ni tundu la kupitishia mwanga. Ukiivuta mpaka 55, tundu hilo halizidi f/5.6, na ndani ya nyumba jioni picha huwa nyeusi na yenye chenga. Kijana akiona hivyo hudhani kamera ni mbovu.

Hapo ndipo wengi hukimbilia lenzi ndefu, ile ya 75 mpaka 300. Naielewa tamaa hiyo. Ni kubwa, ni ya kupendeza shingoni, na mtu akiibeba harusini wote humpisha njia. Ukienda Sitalike kutazama viboko, utaishukuru. Lakini kwa Kakese na watu wake mimi naipinga, na nitakueleza kwa nini.

Mwezi wa Juni mwaka mmoja, mpunga umekwisha kulazwa uwanjani, nilialikwa na familia moja ya huko kusaidia kumrekodi babu yao. Watoto wake wengine wako Dar es Salaam na Mwanza, na wajukuu walikuwa hawajui hata lile jaruba la kwanza lilichimbwaje. Mjukuu mwenye kamera alikuwa na lenzi yake ndefu. Akaamkia, "Shikamoo babu," akamketisha kitini karibu na rundo la mpunga, kisha akarudi nyuma, akarudi, hata akafika kama hatua kumi na tano, akavuta mpaka 300. Ni kweli uso ulijaa, na nyuma ya babu kukawa laini kama moshi. Babu akaanza kusema kwa kupaza sauti, akakoma. Akauliza, "Mjukuu wangu, mbona umekwenda kusimama katika shamba la jirani? Habari za nyumbani nikupigie kelele?"

Watu wakacheka, lakini mzee hakuwa anatania. Mtu hawezi kusema maneno ya moyoni na mtu aliye ng'ambo ya uwanja.

Nilikuwa nayo lenzi ndogo ya milimita 50, ya f/1.8, nikampa. Katika kamera zetu hizi za kawaida bamba la kupokea mwanga ni dogo kuliko filamu ya zamani, kwa hiyo 50 huona kana kwamba ni 80 au 75. Kwa uso na mabega ya mtu, yakupasa usimame hatua mbili tatu tu. Kijana akasogea, akakaa juu ya kinu kilicholazwa, macho yake na ya babu yakawa sawa. Babu akateremsha sauti. Akaeleza walivyofika na majembe manne, akawataja waliomsaidia kunyanyua tuta la kwanza, mmoja mmoja, na akimtaja aliyekufa hunyamaza kidogo. Akamtaja marehemu mkewe, aliyepanda mpunga huku mtoto yuko mgongoni. Tulipomaliza, aliuliza neno moja: "Na sauti yangu imo?" Tukamsikilizisha. Aliinamisha kichwa, akaomba turudie pale alipomtaja bibi.

Ndiyo maana nasema, nunua ile 50 ya f/1.8. Ni miongoni mwa lenzi za bei ndogo kabisa za kila kampuni. Ukiilinganisha na f/5.6, huingiza mwanga karibu mara kumi. Kwa hiyo itakufaa ndani ya nyumba yenye dirisha moja, na kanisani wakati wa harusi ya jioni, pasipo kuwamulika watu taa usoni. Ila ina adabu yake. Ukifungua tundu lote na mtu yuko mita mbili, sehemu inayoonekana vizuri haizidi sana upana wa kiganja; mzee akiegemea nyuma, macho yanapotea. Kwa mazungumzo funga mpaka f/4. Tena fokasi kwa mkono, maana fokasi ya mashine katika kamera za zamani hutangatanga, na mlio wake husikika.

Sauti, basi. Mbuga ya Kakese haina kizuizi. Upepo huja moja kwa moja, na maiki iliyomo ndani ya kamera husikia upepo na vidole vyako kabla ya kumsikia babu. Tafuta maiki ndogo ya kubana kwenye ukosi, uichomeke katika simu, simu itiwe mfukoni mwa msemaji. Piga kofi moja mbele ya kamera unapoanza, ili baadaye upate mahali pa kuunganisha sauti na picha. Usidhani ni uchawi mpya. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri karibu na Korogwe, watu wa mpango ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment walitengeneza sinema kwa filamu ya milimita 16, na sauti wakaiweka mbali, kwenye sahani za gramafoni. Kama fedha yako yatosha kitu kimoja tu, ama lenzi ya pili ama maiki, nunua maiki.

Sasa jua letu. Saa za Tanzania zimepimwa kwa longitudo 45, na sisi tuko karibu na 31. Kwa hiyo jua la Mpanda huchomoza kama nusu saa baada ya lile la Dar es Salaam, na hufika utosini karibu saa saba. Kijana aliyejifunza kazi pwani hukosea hapa. Hukimbia kufunga vitu saa kumi na moja na nusu, wakati mwanga mzuri wa Kakese ndio kwanza umekaa sawa. Asubuhi piga mpaka saa tatu. Saa za katikati mweke mtu chini ya mwembe, na nyuma yake pawe na kivuli vilevile, pasiwe na uwanja mweupe.

Kwa video weka picha 25 kwa sekunde, na pazia 1/50. Kipimo hicho hupatana pia na umeme wetu, taa zisionekane kama zinapepesa. Lakini juani, kwa 1/50 na ISO 100, tundu litataka kufungwa hata f/22, na picha hupoteza ukali. Dawa yake ni kioo cheusi cha kufunga mbele ya lenzi, kama miwani ya jua. Kile kinachopitisha sehemu moja katika 64 kitakurudisha mpaka f/2.8.

Jambo jingine ni kwamba ukianza video, kile kioo cha ndani huinuka, na tundu la kuchungulia huwa giza. Utatazama kioo cha nyuma tu, na juani hakionekani. Jifunike kitenge kichwani pamoja na kamera. Watoto watakucheka. Na usishangae kamera ikijizima yenyewe kwa dakika 29 na sekunde 59. Nyingi zilitengenezwa hivyo kwa sababu ya ushuru wa Ulaya, ambako inayopiga nusu saa na zaidi ilihesabiwa kamera ya video. Zile za mwanzo hukoma hata kabla ya robo saa. Msimamishe mzee kwa heshima, umpe maji, uanze tena.

Usibadili lenzi uwanjani watu wakipepeta. Pumba ni nyepesi kuliko vumbi. Ingia ndani, geuza mdomo wa kamera chini. Na mvua za Novemba zikianza, lenzi iliyofungiwa mkobani bila hewa huota kuvu ndani ya vioo. Weka vile vifuko vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Wako wanaozika kamera ndani ya mchele ili ukavute unyevu. Kakese mchele haukosekani, lakini una unga wake, na unga huo huingia kwenye pete za lenzi. Mchele upikwe.